Namba Mbili na Sare ya Wifi

Mwaka ule timu yetu ilimpandisha kijana mmoja kutoka timu ya vijana, ikampa ubeki wa kulia na jezi namba mbili, na mimi nikampa heshima yangu yote iliyokuwa imebaki. Yeye hakuwa na habari nayo. Alikuwa bado na umri wa kutumwa dukani, meno ya mbele yameachana kidogo, soksi hazimkai. Nilimwona kwanza katika mechi ya kirafiki ya mwezi wa saba, iliyochezwa nchi yenye jua lake, nami niko Tottenham juu ya sofa, mvua inapiga dirisha. Nikajisemea, huyu ndiye atakayenilipizia.

Nijieleze kidogo, kwa kuwa mtu akisikia mwanamke anapanga kisasi hudhani ni mtu wa mbio mbio. Mimi uwanja wa mpira sijaukanyaga maishani. Nilisoma mpaka kidato cha nne huko Unguja, nikaolewa, nikaletwa London, nikakaa. Hilo "nikakaa" ndilo wasifu wangu mzima. Nashona mapazia ya watu nyumbani, na safari yangu ya kila siku ni kutoka kwenye cherehani kwenda jikoni, na kutoka jikoni kwenda kwenye televisheni. Mgeni akiniuliza njia humwelekeza basi ambalo naambiwa liliondolewa zamani. Lakini mpira naujua. Naujua kama bibi zetu walivyoujua mtaa: kutoka dirishani, bila kutoka nje, na bila kukosa kitu. Timu yangu siitaji. Anayeijua anaijua, na asiyeijua hajapungukiwa.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anakaa Woolwich, ng'ambo ya mto, na anashabikia watani wetu. Timu zetu mbili zinatoka jiji moja na zinachukiana kama wake wenza wanaotumia jiko moja. Yeye na mimi tulirithishwa chuki hiyo na waume zetu, kisha waume wakachoka, sisi tukaendelea.

Mwisho wa msimu uliotangulia walitufunga. Kufungwa nimekuzoea, si habari. Winga wao wa kushoto alimpita beki wetu mzee namna ambayo hata mimi niliyekaa niliona kizunguzungu. Kesho yake, Jumapili, kengele ikalia. Kufungua mlango namwona wifi na wanawake wenzake wa Woolwich, wote wamejitanda kaniki nyeusi. Hawakutoa salamu. Waliingia kimya, wakavua viatu, wakakaa chini na kuegemea ukuta, kisha wifi akaanza kulia. Kulia kweli, kwa sauti ya matangani, kichwa kinakwenda huku na huku.

"Maiti kakoshwa?" akaniuliza katikati ya kwikwi.

"Wifi, nina mapazia ya watu hapa, msinikalie."

"Masikini, hajielewi. Ndo uchungu huo." Akawageukia wenzake. "Mpeni nafasi, mfiwa."

Utani ni utani, na wifi ana haki yake. Ningecheka, ningewapa chai, yangekwisha. Lakini alipofika mwisho alijifuta uso, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa nasaha, "Sasa wifi yangu ukae eda. Usitoke nje mpaka msimu mpya."

Mmoja wa wale wanawake, ambaye hata simjui vizuri, akauliza, "Kwani huyu hutoka?"

Wakacheka mpaka mwingine akalala ubavu juu ya zulia. Na jikoni, nyuma ya mlango, nikamsikia mume wangu naye anacheka. Alitoka anajikohoza, ati pilipili.

Kicheko kile ndicho kilichonikaa. Kwa wiki nzima nilikuwa nikishona pazia nakisikia chini ya sindano. Nilijiapiza kwamba siku moja wifi yangu atakaa chini mbele ya watu wake mwenyewe, si wangu, na nitakuwa mimi niliyesimama.

Mungu si mchoyo. Mwezi wa saba wifi akanipigia simu, sauti tamu kama ya mtu anayetaka kitu. Binti yake alikuwa anaolewa mara tu baada ya msimu kuanza, na siku ya hina wanawake wa ukoo walitakiwa kuvaa sare, kanga moja wote.

"Dada yako yuko Unguja, karibu na maduka," akasema. "Tuletee wewe. Na jina uchague wewe, wewe ndo msomi wetu."

Msomi alilisema kwa kunichoma, kwa sababu ya kile kidato changu cha nne. Sikujali. Nilichosikia mimi ni "jina uchague wewe." Kila kanga ina jina lake, yale maneno ya pindoni, na kila mwanamke wa kwetu anajua kwamba maneno hayo ndiyo yanayovaliwa, kitambaa ni kisingizio. Na mama wa bi harusi hawezi kukataa sare. Akiikataa ameigomea harusi ya mwanawe. Kwa hivyo neno lolote nitakalolichagua, wifi yangu atalifunga kiunoni, atacheza nalo, na atapigwa picha nalo. Niliweka simu chini nikanywa maji.

Kisha nikatazama ratiba ya ligi. Timu yetu na timu yao zinakutana Jumamosi. Hina ni Jumapili.

Tabu ilikuwa moja tu. Kanga zilitakiwa zinunuliwe sasa hivi, maana jamaa aliyekuwa Unguja kwa likizo, na sanduku lake tupu, alikuwa anarudi London karibuni. Nilitakiwa kuchagua jina la kisasi kabla ya mpira kupigwa hata mara moja. Nikichagua jina la mshindi, tukafungwa tena na winga yule yule, nitakuwa nimeuvika ukoo mzima aibu yangu mwenyewe, na nimeikata na kuipinda kwa mkono wangu. Kila kitu kilisimama juu ya swali moja: je, mtoto huyu mpya, namba mbili, ataweza kumzuia winga?

Ndiyo maana kiangazi kile, watu wengine wakipeleka watoto pwani, sebuleni kwangu tulikaa tukimhukumu beki.

Tulikuwa watatu. Mimi. Mume wangu, fundi wa lifti, mtu ambaye ana maoni juu ya kila kitu kinachopanda na kushuka. Na jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Lubumbashi anayefanya kazi ya kuuguza wazee, aliyelea watoto wa kiume tu na ambaye kaka zake wote walicheza mpira. Binti yetu alishika rimoti, maana sisi kanda ikirudishwa nyuma huwa hatujui kuisimamisha. Tulikuwa tumerekodi mechi zote za kirafiki.

"Huyu mutoto iko na mbio," akasema jirani. "Lakini mbio si kazi ya beki. Swala pia iko na mbio, na kila siku simba anakula yeye."

"Mbio zinasaidia, mama," mume wangu akasema.

"Zinasaidia kufika nyuma ya mutu mbio mbio. Angalia magoti. Beki muzuri anakunja magoti kidogo, anangojea. Huyu anasimama sawa muti."

Nikamwambia binti yangu arudishe. Kweli, kijana alikuwa amesimama wima kama anayesubiri basi.

Mume wangu akavuta kiti karibu na televisheni. "Mie tatizo langu si magoti. Tazama macho yake. Winga anazungusha mguu juu ya mpira, yeye macho yanafuata mguu, kama paka na uzi. Atazame kiuno. Mguu hudanganya, kiuno hakidanganyi."

"Habari za viuno umezipata wapi, baba?" nikamuuliza.

Jirani akacheka. Mume wangu akasema tunazungumza mpira hapa.

"Tunazungumza mpira. Mimi nimeuliza tu."

Tukaendelea hivyo, siku baada ya siku, jirani akija na sare yake ya kazi, miguu imevimba, tunampa kigoda aiweke. Tulijua namna kijana anavyorusha mpira. Tulijua kwamba mguu wa kushoto ni wa kusimamia tu. Tulimhesabia makosa kama mama mkwe. Mume wangu alikuwa upande wa kungoja: nichague jina la salama, la kuwaombea maharusi, nisijitie kitanzi. "Mtoto mzuri," alisema, "lakini bado mbichi. Mwaka mmoja zaidi."

"Mwaka mmoja zaidi dada yako hana binti mwingine wa kuoza."

"Kumbe hii ni habari ya dada yangu."

"Ulidhani ni habari ya nani?"

Katikati ya haya yote wifi alipiga simu kuuliza habari za sare, na kwa sauti ya pembeni akaniuliza kama ni kweli tumempa namba mbili mtoto mdogo. Nikasema ni kweli.

"Alhamdulillah," akasema. "Mzee wenu alikuwa mlango mbovu, lakini mlango. Huyu mmeweka mlango wa msikiti. Kila anayekuja anapita, na anasema bismillahi."

Nilicheka, kwa kuwa ilikuwa nzuri. Kisha nikarudi kwenye kanda nikaitazama upya mechi ya mwisho, peke yangu, pazia la mtu limelala mapajani.

Ndipo nilipoona. Kipindi cha kwanza winga mmoja wa kigeni alimpita kijana wetu vizuri sana, akamwangusha makalio chini, na kabla ya kukimbia akageuka akamtazama na kutabasamu. Kijana akainuka. Hakulalamika, hakumtazama mwamuzi. Alivuta soksi. Na kuanzia dakika ile mpaka mwisho wa mechi hakuachana na mtu yule. Mpira uko upande mwingine wa uwanja, yeye yuko naye. Winga anakwenda kunywa maji, yeye yuko naye. Kila mara mpira ulipofika alikuwa amekwisha kufika, magoti yamekunjwa, macho kiunoni. Alimnyang'anya, akamnyang'anya tena, mpaka winga akamwomba mwenzake wabadilishane upande. Na winga alipohama, kijana alimsindikiza kwa macho mpaka huko.

Nikamwita mume wangu na jirani. Binti yangu akarudisha kanda, tukaangalia wote.

"Hayo magoti aliyakunja lini?" akauliza jirani.

"Alipochekwa," nikasema.

Binti yangu akasema kitu kwa Kiingereza, kwamba kijana anacheza vibaya mpaka akasirishwe.

"Hakasiriki," nikamwambia. "Mwenye hasira hupiga teke akatolewa. Huyu ana kinyongo. Kinyongo kinajua kungoja." Nilisema hayo kwa ujuzi. Katika soka nilikuwa mtazamaji tu, lakini kwenye fani hii nilikuwa nimefika ngazi ya taifa.

Jumatatu nikamtuma dada yangu madukani. Alinipigia akiwa dukani kwenyewe, na muuza kanga namsikia nyuma yake anachangia.

"Ipo hii, 'Ndoa yenu Mola aibariki.'"

"Siitaki."

"'Mwana mwema ni taji la mama.'"

"Hiyo kabisa usinitajie. Nitafutie ya matanga."

"Ya matanga? Si ulisema siku ya hina?"

"Hina hiyo hiyo."

Nikasikia wananong'onezana. Muuzaji akapekua juu, akapekua chini. Baada ya muda dada yangu akarudi. "Hii hapa imekaa tangu zamani, hainunuliwi. 'Mlionililia mapema futeni machozi.'"

Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Chukua zote," nikasema. "Rangi yoyote, ila isiwe ya timu ya wifi."

Kanga zilifika na harufu ya duka. Nikazikata na kuzipinda mwenyewe, moja moja, msimu ukiwa umeanza na televisheni inaendelea mbele yangu. Kijana alicheza vizuri mechi ya kwanza. Ya pili alipitwa mara mbili na mpinzani mpole asiyemcheka, na mimi nikajichoma sindano mara mbili vile vile. Nilitamani nimwandikie yule winga wa watani nimwombe tafadhali amcheke mapema.

Wiki ya harusi wifi akaja kuchukua sare. Jirani alikuwepo, ameweka miguu juu ya kigoda. Wifi akaifungua kanga ya juu, akaitandaza mapajani, akasoma. Akasoma tena, kidole chini ya maneno. Uso haukubadilika hata kidogo. Huyu ni mwanamke wa kuhofiwa.

"Zuri," akasema.

"Nimefurahi limekupendeza, wifi."

"Linaelekea kwangu, sio?"

"Linaelekea kwa aliyelia."

Akaikunja kanga taratibu, pembe kwa pembe. "Basi sikiliza, na huyu mama awe shahidi. Jumamosi, mtoto wenu akipitwa na winga wetu mara moja, mara moja tu, Jumapili utakuja Woolwich, utakaa chini mbele ya wanawake wote, na utajililia mwenyewe kwa sauti, ndani ya kanga hii hii."

"Na asipopitwa?"

"Nitakaa mimi. Mtoto wenu asipopitwa, nitakaa chini, nitamlilia winga wangu mpaka mchoke." Akainuka, akaupakata mzigo. "Lakini atapitwa, wifi. Lete na kitambaa cha machozi."

Alipotoka jirani akaniambia, "Huyu dada anaongea sawa mutu alishashinda."

Jumamosi sikupika. Tulikaa sebuleni wote wanne, na mume wangu alipotaka kufungua dirisha nikamkataza, nisije nikapishana na bahati. Winga alipata mpira wa kwanza dakika za mwanzo tu. Alikuja na madoido yake yote, mguu huku, mguu kule, na kijana wetu amesimama wima kama siku za kiangazi. Mpira ukamgonga kijana mguuni ukatoka nje, na winga akampapasa kichwani akielekea kuchukua mpira wa kurusha, kama mtu anavyompapasa mtoto.

"Ahsante," nikaiambia televisheni.

Kijana akavuta soksi.

Sijui mechi ile watu wengine waliiona vipi. Mimi sikuuona mpira. Nilitazama watu wawili tu, kona moja ya uwanja, magoti ya mmoja na kiuno cha mwingine. Winga akija, kijana anangoja. Winga akisita, kijana anangoja. Akijaribu, mguu mmoja unatoka kwa upole, kama wa mtu anayezima taa, na mpira si wake tena. Mara moja tu winga aliutanguliza mpira mbele na kutaka kuuzunguka, na mume wangu akashika kichwa. Mpira ulipita. Winga hakupita, alikuta bega. Mpira ukatoka nje wenyewe. Kipindi cha pili akahamia upande wa pili, akarudi, akalalamika kwa mwamuzi, na baadaye kocha wake akamtoa. Alitembea kwenda nje polepole akivua vitambaa vya mkononi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama mgongo ule.

Halafu, mwishoni, ikapigwa kona. Beki wetu mwingine kabisa, wa kati, mtu mzima mwenye mshahara na watoto, akamwacha mtu wake. Kichwa. Bao. Wakatufunga moja bila.

Mume wangu akazima televisheni. Niliona Jumapili yote mbele yangu, mkeka, wanawake, kicheko.

"Mutoto hakupitwa," akasema jirani.

"Tumefungwa, mama."

"Ndiyo, mumefungwa. Mutoto hakupitwa. Mi nilisikia vizuri maneno ya huyu dada. Hakusema kufungwa. Alisema kupitwa."

Nikamtazama mume wangu. Alifikiri, kisha akasema kwa masikitiko ya mtu anayemsaliti dada yake, "Alisema kupitwa."

Jumapili nilivaa kanga yangu nikatoka nyumbani. Mume wangu alitupeleka kwa gari, mimi na jirani, na njiani kwenye ule mtaa mkuu wa Woolwich, watu wametoka sokoni na mifuko yao ya ndizi na samaki, nikatambua sijafika huku tangu binti yangu alipokuwa mchanga. Ukumbi ulikuwa ghorofani. Sauti ya vigelegele ilitupokea ngazini.

Ndani wanawake wote wamevaa maneno yangu. Bi harusi amelazwa juu ya mito, mikono na miguu imenyooshwa, hina mbichi, hawezi hata kujikuna. Na katikati ya ukumbi wifi alikuwa ametandika mkeka mdogo, peke yake, na juu yake sanduku la tishu. Alikuwa anang'ara. Kanga ameifunga vizuri kuliko wote.

"Karibu mfiwa," akasema, na wale wale wa kaniki wakaanza kucheka kabla ya wakati. "Mahali pako pako tayari."

Sikukaa. "Wifi, hebu nikumbushe. Ulisema nini ile siku ya kuchukua sare?"

"Tumekufungeni moja bila, ndo nilivyosema."

"Sikukuuliza mlifanya nini. Nimekuuliza ulisema nini. Shahidi huyu hapa."

Jirani akasogea mbele, kanga imemkaa kama sare ya kazi, na akayasema maneno yote kama yalivyokuwa, polepole, asiache hata kile kitambaa cha machozi. Kisha ikazuka hukumu ambayo sikuitarajia, maana wanawake wote pale walikuwa wameitazama mechi. Mmoja akasema kipindi cha kwanza alipitwa, mpira ulikwenda. Mwingine akasema mpira ulikwenda, mtu alibaki. Wa tatu akauliza kama mzigo ukipita forodhani na mwenyewe akazuiwa, tunasema amepita? Bibi mmoja aliyekuwa anapaka hina akasema bila kuinua kichwa kwamba katika maisha yake hajaona winga aliyekabwa vile, na yeye ni wa timu ya wifi.

"Nyamazeni," wifi akasema. "Aseme mwanangu. Huyu ni wetu, hana upendeleo kwenu."

Bi harusi akageuza macho, kwa sababu ndiyo pekee aliyoruhusiwa kuyatikisa. Alimtazama mama yake kwa huruma. "Mama," akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hujibu Kiingereza, "hakupitwa."

Wifi yangu anaweza kufanya mengi, lakini kuvunja neno mbele ya watu hawezi. Alilisukuma lile sanduku la tishu pembeni, akakusanya kanga, akakaa chini kwenye mkeka alioutandika mwenyewe. Akafumba macho. Akaanza kulia.

Na akalia vizuri. Hilo ndilo lililonitibua. Akayumba, akapiga mapaja, akalitaja kaburi, akamwuliza Mungu kwa nini amemchukua marehemu angali kijana na mguu bado una moto. Wanawake wakacheka, kisha wakapiga vigelegele, mmoja akamwendea akamtuza kama mwimbaji, na mwingine akafuata. Kisasi changu kilikuwa kinageuka tamasha lake. Nusu saa nyingine na watasema harusi ile ilipendeza kwa kilio cha mama wa bi harusi, na mimi nitakuwa yule niliyesimama pembeni.

Nikasogea mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Wifi," nikasema, "unamlilia nani?"

Akafumbua jicho moja. "Marehemu."

"Marehemu ana jina. Matangani tunamtaja."

Kicheko kikapungua. Alinitazama kutoka chini, machozi ya uongo bado yapo shavuni, na nikaona amenielewa. Kulia alikuwa tayari kulia mpaka usiku. Ila jina la winga yule alikuwa amelifuma kwenye skafu, na amemwita jina hilo paka wake. Kulitaja kwenye mkeka, ndani ya sare yangu, mbele ya wanawake wake, ni kitu kingine.

"Mtaje," nikasema.

Akatazama chini. Akalitaja, kwa sauti ndogo, bila kuyumba na bila kupiga mapaja.

Nilisikia vizuri sana. Nikainama, nikaweka mkono sikioni.

"Sijasikia, wifi."

Akalitaja tena.